Je, nilikwepe neno "get"?

"Mwalimu, habari za kazi. Tangu shuleni tuliambiwa kwamba 'get' ni neno la mtaani, tusiliandike. Nimelikwepa miaka yote. Juzi nilimwandikia mkuu wangu wa kazi barua pepe kwa Kiingereza nikieleza kwa nini sikufika ofisini wiki nzima. Kila palipotaka 'get' nikaweka 'obtain' au 'receive', maana kamusi inasema yote ni kupata. Mwenzangu alipoisoma alicheka sana, hasa pale nilipoandika 'I received an accident' na baadaye 'I obtained sick'. Nilipomwomba anieleze kosa, alishindwa. Halafu kwenye filamu nasikia 'get' kila baada ya sentensi mbili, na mara nyingi hata haihusiani na kupata. Neno hili lina maana ngapi? Nizikariri zote? Na ni visawe gani naweza kutumia bila kuaibika?"

Ndugu yangu, pole kwa kuchekwa. Huyo mwenzako aliyecheka halafu akashindwa kueleza hajakuzidi sana: sikio lake limemwambia sentensi haiko sawa, basi. Hata waliozaliwa na Kiingereza wengi wao wako hivyo kwa neno hili. Mwulize mmoja wao "get" maana yake nini, atakwama, na katika kujitetea atalitumia mara tatu.

Nikikuelewa vizuri, una wasiwasi wa namna tatu: kama neno hili ni la aibu, kama maana zake zina mwisho, na kama kuna maneno ya kuweka badala yake. Nianze na lile la aibu, kwa sababu ndilo lililokuponza.

"Get" si neno la mtaani. Majaji, madaktari, wahubiri na maprofesa wanalitumia kutwa nzima bila kuona haya. Nadhani walimu wako walitaka kusema kwamba maandishi rasmi hulitumia kwa uchache, na kwamba mwanafunzi anayelirudia mara kumi katika insha moja huonekana hana msamiati. Hilo ni kweli. Lakini "lipunguze" na "ni marufuku" ni maagizo mawili tofauti, na wewe umeishi chini ya lile la pili bila sababu.

Hiyo sifa ya kuwa neno la chini ina historia yake. "Get" iliingia Kiingereza kutoka lugha ya Wanorse, wale mabaharia wa Skandinavia waliovamia Uingereza tangu karne ya 8 na baadaye wengi wao wakahamia huko na kuoa huko. Kwao lilikuwa "geta". Kiingereza cha kale kilikuwa na jamaa zake wa karibu, mmojawapo ndiye aliyezaa "forget" ya leo, lakini hili linalosimama peke yake ni la wageni wale. Kisha mwaka 1066 Wanormandi kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa na Kilatini vikawa lugha za ikulu, mahakama na kanisa. "Receive", "obtain" na "acquire" zina asili huko. Ndiyo maana hadi leo sikio la Mwingereza husikia "get" kama neno la nyumbani na "obtain" kama neno la ofisini. Tofauti ipo, ila ni ya mahali pa kusemea. Haihusu usahihi.

Sasa tuingie kwenye maana yenyewe. Kamusi nyingi za Kiingereza kwa Kiswahili huanza na "pata", na msomaji mwenye haraka huishia hapo. Kiini cha "get" ni kipana zaidi: ni kuhama kutoka hali moja kwenda nyingine. Sikuwa na barua, sasa ninayo: "I got a letter." Sikuwa ofisini, sasa nipo: "I got to the office." Sikuwa mchovu, nikawa mchovu: "I got tired." Sikuwa nimeelewa mzaha wako, sasa nimeelewa: "I got the joke." Ukitazama sentensi hizo nne kwa jicho la kupata, zinaonekana hazina undugu. Ukizitazama kwa jicho la kuhama, ni kitu kimoja. Basi hapana, usizikariri maana zote. Hakuna anayezijua kwa kuzikariri.

Hapa Kiswahili chenyewe kitakufaa kuliko kamusi. Tukisema "nimechoka", tunaeleza hali tuliyo nayo sasa hivi, na Kiingereza husema "I am tired". Tukisema "nilichoka nikakaa", tunaeleza ile nukta uchovu ulipoingia, na Kiingereza husema "I got tired and sat down". Sisi tuna kitenzi kimoja, na viambishi -me- na -li- ndivyo vinavyobeba tofauti. Mwingereza hubadilisha kitenzi kizima: "be" kwa kuwa ndani ya hali, "get" kwa kuingia ndani yake. Vitenzi vyetu vingi hufuata mkondo huo: kukasirika, kulewa, kupotea, kulowa, kuzoea. "Nimeyazoea makelele" ni "I am used to the noise". "Niliyazoea baada ya mwezi" ni "I got used to the noise after a month".

Hili lina madhara ambayo watu wengi hawayaoni. Mswahili akitaka kusema "aliposema vile nilikasirika" huandika "when he said that, I was angry". Si kosa la sarufi, na mara nyingi muktadha humwokoa. Lakini msomaji anaweza kudhani hasira ilikuwapo tangu zamani, maneno yale yakaikuta. "When he said that, I got angry" inaonyesha wazi kwamba maneno ndiyo yaliyoileta. Katika barua ya malalamiko, tofauti hiyo ni kubwa.

Kwa hiyo, unapokutana na "get", tazama kinachofuata. Kikifuata kitu, yaani nomino, maana huzunguka kupata, kupokea, kununua au kuleta: "get a job", "get an answer", "get me a chair", yaani niletee kiti. Kikifuata kivumishi, maana ni kuwa: "get cold", "get rich". Ikifuata "to" na mahali, maana ni kufika, na kumbuka kwamba "home", "here" na "there" hazitaki "to": husemi "get to home". Ikifuata "to" na kitenzi, maana ni kujaliwa nafasi: "I got to meet her" ni "nilipata kukutana naye". Ona jinsi hapo "pata" yetu inavyoingia sawasawa, hata muundo unafanana. Hilo hutokea mara chache, lifurahie.

Tukirudi kwenye sentensi yako, "obtained sick" imeanguka kwa sababu "obtain" inafanya kazi moja tu kati ya hizo, ile ya kwanza. Inadai kitu baada yake: kibali, ruhusa, nakala. "Sick" ni kivumishi, hakipatikani kwa kuombwa. Visawe vyote vya "get" viko hivyo: kila kimoja kimechukua kipande. Kamusi inapoviorodhesha pamoja haisemi kwamba vinabadilishana popote. Inasema tu kwamba kila kimoja, mahali fulani, hugusana nalo. "Received an accident" ina tatizo lake lingine, na hilo limetoka kwenye Kiswahili.

Sisi tunapata karibu kila kitu. Tunapata ajali, tunapata mtoto, tunapata hasara, tunapata aibu. Kiingereza hakikubali yote hayo. Ajali kwao mtu huwa nayo: "I had an accident", au kwa lugha ya ripoti, "I was involved in an accident". Wamarekani husema pia "I got into an accident", na lile "into" linakurudisha kwenye kuhama. Mtoto naye: ukitangaza "I got a baby", msikilizaji atajiuliza umemtoa wapi. Husemwa "I had a baby" au "we've had a baby". Hata hivyo "get pregnant" ni sahihi kabisa, kwa kuwa ni kuingia katika hali. Hasara na faida kwa Kiingereza hutengenezwa: "make a loss", "make a profit". Ndoto mtu huwa nayo, "have a dream". Aibu ni "be embarrassed" au "get embarrassed", maana "embarrassed" hufanya kazi ya kivumishi. Na nafuu ni "get better", ambayo nayo ni kuhama. Hakuna kanuni moja itakayokupa orodha hii nzima. Mengine ni mazoea ya lugha, na huingia kichwani kwa kusoma sana. Ila kila unapoandika kwa Kiingereza sentensi ambayo kwa Kiswahili ina "pata" na nomino, simama kidogo ujiulize kama Kiingereza kinatumia "have", "make" au "get".

Mtego wa upande wa pili ni huu. Kwa kuwa "get" na kivumishi huweza kuwa na maana ya "kuwa", wengine huipeleka hadi kwenye nomino. "She got a doctor" haimaanishi alikuwa daktari. Inamaanisha alimtafuta daktari, au alimpata. Anayehitimu na kuanza kutibu watu, kwa Kiingereza, "became a doctor". Hapo "become" haina mbadala.

Sasa nije mahali ambapo nadhani "get" ina faida kubwa kuliko zote, na ambapo waandishi wengi wa Kiswahili wanateleza bila kujua. Kwa Kiswahili, mtu akitoka kwa kinyozi husema "nimekata nywele". Hakushika mkasi, na hakuna anayemdhania. Akitoka kwa daktari wa meno husema "nimeng'oa jino". Akirudi na gari kutoka gereji, "nimetengeneza gari". Kwa fundi cherehani, "nimeshona suti". Lugha yetu inamwachia msikilizaji aelewe kwamba kazi ilifanywa na mwenye ujuzi wake.

Kiingereza hakimwachii. "I cut my hair" inasikika kama umesimama mbele ya kioo na mkasi wako mwenyewe. "I pulled out a tooth" inatisha. Wao hutumia "get" au "have", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo la tatu: "I got my hair cut", "I got a tooth pulled", "I got the car repaired", "I got a suit made". Mpangilio ni huo na haubadiliki: kitu kwanza, kitenzi baadaye. Ukigeuza ukasema "I got cut my hair", umeivunja sentensi.

Usione ni jambo dogo la adabu ya sarufi. Fikiria mtu anaandika wasifu wake wa kuomba kazi, naye alikuwa msimamizi wa ofisi aliyewaita mafundi kila kompyuta zilipoharibika. Akiandika "I repaired the computers", amedai ufundi asio nao, na siku ya usaili ataulizwa. "I got the computers repaired" ndiyo kweli yenyewe, na kwa wasifu rasmi ningemshauri aandike "I had the computers repaired" au, bora zaidi, "I arranged for the computers to be repaired". Kinyume chake pia hutokea. Fundi halisi akiandika "I got the computers repaired", anajinyang'anya kazi ya mikono yake.

Ndugu wa muundo huo ni ule wa kumfanya mtu atende. Sisi tuna kauli ya kutendesha: kula, kulisha, kucheka, kuchekesha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kinachofanya kazi kila mahali, kwa hiyo huazima kitenzi kingine, na hapo kuna vitatu vya kuchagua. "I made him sign" ina nguvu, kama vile hakuwa na hiari. "I had him sign" ni ya mwenye mamlaka anayeagiza na kazi ikafanyika. "I got him to sign" inadokeza kwamba ilihitaji maneno, subira, pengine ujanja kidogo, mpaka akakubali. Angalia kwamba "get" peke yake ndiyo inayodai "to". "Made him to sign" ni kosa linalosikika sana. Kama unataka kisawe rasmi cha "got him to", tumia "persuaded him to", au "convinced him to".

Niingize na ndoa, maana ni swali ninaloulizwa mara nyingi. "Nimeoa" na "nimeolewa" zote mbili kwa Kiingereza ni "I got married". Kiingereza hakijali hapo nani kaoa na nani kaolewa. Ukitaka kumtaja mwenzi, sema "I got married to" fulani, au "I married" fulani, bila kihusishi chochote. Wengi, wakifuata "ameolewa na", huandika "she was married by", wasijue kwamba baada ya "by", kwa Kiingereza, hukaa aliyefungisha ndoa: kasisi, mchungaji, kadhi, msajili. Wengine huandika "married with", na hiyo kwa kawaida hufuatwa na idadi ya watoto: "married with two children", yaani ana ndoa na watoto wawili. 

Kauli ya kutendwa ni fupi zaidi. "He was fired" na "he got fired" zote ni "alifukuzwa kazi". Ya pili ni ya mazungumzo, na hupendelewa kwa mambo yanayompata mtu, mabaya kwa mazuri: "got robbed", "got promoted", "got caught". Kwa mambo yaliyopangwa na yasiyomgusa mtu binafsi, tumia "be": daraja "was built", ukisema "got built" unasikika kama unashangaa limekamilikaje. Katika ripoti yoyote ya kazi tumia "be" na hutakosea.

Haya, visawe. Niviweke kwa jinsi ninavyovichagua mwenyewe ninapoandika.

"Receive" ni kupokea: kuna mtoaji, na wewe umenyoosha mkono tu. Barua, malipo, zawadi, taarifa, malalamiko. Ndiyo maana ajali haikubali. "Obtain" ni kupata kwa kufuata njia: umeomba, umejaza fomu, umesubiri. Kibali, leseni, ruhusa, matokeo ya maabara. Ukisema umefanya "obtain" ya zawadi, watu watauliza ulimsumbua nani. "Acquire" huchukua muda au fedha nyingi na kilichopatikana hukaa: lugha, ujuzi, tabia, hisa, kampuni nzima. Mtoto "acquires" lugha ya mama. Mtu mzima anaweza "acquire" tabia ya kuchelewa. "Gain" ina wazo la kuongezeka: uzoefu, uzito, imani ya wateja. "Earn" ni kustahili kwa jasho: mshahara, shahada, heshima. Hapa pana utamu. Mtu mmoja kwa shahada ileile anaweza kusema "I got my degree" akiwa na rafiki, "I obtained my degree" katika barua ya maombi, "I received my degree" akielezea siku ya mahafali, na "I earned my degree" akijibu mtu aliyemtilia shaka. Zote sahihi, na kila moja inasema kitu kingine.

Kwa kuleta, kuna "fetch", yaani kwenda na kurudi nacho, na "bring". Kwa kufika, kuna "arrive" na "reach", ambazo wengi huzichanganya: "arrive" hutaka "at" au "in", lakini "reach" haitaki chochote. "I reached the office" ni sahihi. "I reached to the office" si sahihi, na "I arrived the office" si sahihi vilevile. Kwa kuelewa, "understand" inatosha popote, na "grasp" ukitaka kusema umelishika jambo gumu.

Kwa kubadilika hali, "become" ndiyo rasmi. Lakini kuna vitenzi vitatu vidogo ambavyo visawe vya kamusi huvisahau. "Grow" ni polepole: "grow old", "grow tired of waiting". "Turn" hupenda rangi na umri: majani "turn yellow", mtu "turns forty". "Go" huchukua mabadiliko ya kuharibika, mengi yasiyorudi nyuma: chakula "goes bad", mtu "goes blind", "goes bald". Hapo "get blind" itasikika ya ajabu, ingawa kila mtu ataelewa.

Mambo mawili ya haraka ambayo yatakukuta kwenye filamu. "I've got a car" haina kupata wala kuhama. Ni "nina gari" tu, na "I've got to go" ni "lazima niende". Wakati uliopita haibaki hivyo: sema "I had a car". La pili ni "gotten". Wengine hudhani ni kosa la Wamarekani. Ni umbo la zamani lililotumika Uingereza kwenyewe, walowezi wakavuka nalo bahari, na baadaye Waingereza wengi wakaliacha wakabaki na "got". Mmarekani akisema "I've gotten a car" anamaanisha amelipata. Akisema "I've got a car" anamaanisha analo. Chagua upande mmoja wa bahari ubaki nao ndani ya barua moja.

Kuhusu "get" zenye vihusishi, "get up", "get over", "get by", "get away with" na jamaa zao, sitazifungua hapa. Zinataka makala yao. Nitagusa moja kwa kuwa ni ya kila siku. Chombo unachoweza kutembea ndani yake, kama basi, treni au ndege, ni "get on" na "get off". Kile unachoinama ukaketi, kama gari dogo au teksi, ni "get in" na "get out of". Nyingine jifunze moja moja, ndani ya sentensi kamili, usizikusanye kama mbegu kwenye daftari.

Turudi kwenye barua pepe yako. Ningeandika: "I had an accident on Monday. While I was recovering, I fell ill and could not get to the office until the following week." Utaona nimeacha "get" moja makusudi. Ningeweza kuandika "could not come to the office", na ni sawa pia, lakini "could not get to" inabeba kwamba ulitaka kufika na njia ikakushinda. Nimeandika "fell ill" badala ya "got sick" kwa sababu barua ni ya mkuu wa kazi, na kwa sababu kwa Waingereza "sick" inaweza kumfanya msomaji afikirie kutapika. Kwa rafiki, "I got sick" haina tatizo lolote. Kwa mkuu ambaye mnaitana majina ya kwanza, nayo ingepita.

Kipimo changu kwa maandishi ni hiki, nawe utaona kama kinakufaa. Andika rasimu ya kwanza na "get" zote zinazokuja zenyewe, usizikwepe. Kisha rudi uzisome moja moja. Ile ambayo ina kitenzi mahususi cha kusema jambo hilo hasa, badilisha. Ile ambayo ukiibadilisha sentensi inavaa suti isiyoikaa, iache. Katika ripoti au barua ya maombi huenda ikabaki moja au isibaki hata moja. Katika ujumbe wa simu zibaki zote. Njia ya kuzikwepa tangu mwanzo, kama ulivyofanya wewe, ina ubaya mmoja: unapoteza muda kutafuta neno kabla hujajua unataka kusema nini.

Programu za kukagua sarufi zitakusaidia na "arrived the office", lakini hazitakuokoa na "I repaired the computers", kwa kuwa sarufi yake haina kosa. Uongo wake ndio tatizo, na programu haikuwapo gereji wala ofisini. Kwa hiyo barua yenye uzito, kama maombi ya kazi au ya masomo, maelezo ya bima au majibu ya onyo kazini, mpe mtu anayekijua Kiingereza vizuri aisome ukiwa umeketi naye, na umweleze kwa Kiswahili ulichotaka kusema. Akisoma bila kukusikia, atasahihisha maneno na kuacha maana ilivyo. Ikiwa ni hati ya mahakama, mkataba au cheti cha hospitali, usitafsiri mwenyewe hata ukijiamini. Tafuta mtafsiri anayetambulika na mamlaka itakayoipokea.

Na kama umesoma Kiingereza miaka mingi na bado kila barua inarudi na makosa yaleyale, usinunue kamusi nyingine. Chukua barua zako tano au sita za karibuni, uende nazo kwa mwalimu, mkae saa moja. Makosa ya mtu mmoja kwa kawaida hayazidi aina chache zinazojirudia, na mwalimu mzoefu akiona karatasi zako atazitambua kabla hamjafika ya mwisho. Ya kwako, kwa hizi sentensi mbili ulizonitumia, nadhani inaanzia kwenye "pata". Mwonyeshe hiyo kwanza.